Mwalimu wa Takwimu na Sura ya Kumi na Mbili

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, asubuhi, mvua ikiwa imepumzika kidogo, tulimpoteza Mwalimu nyumbani kwake Kaagya. Kwa ninavyojua mimi, Bukoba nzima haikuwa na mtu mwingine aliyeweza kumweleza takwimu za chuo kikuu mtu aliyepata F ya hesabu kidato cha nne, mpaka mtu huyo akaelewa. Nasema hivyo bila wasiwasi kwa sababu mwenye F hiyo ni mimi.

Msibani walisoma historia yake: alizaliwa lini, ukoo gani, alisoma wapi, alifundisha vyuo vipi. Nilikuwa nyuma na akina mama tukimenya ndizi, nusu yake sikuisikia, na sitaijaza hapa kwa kubuni. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe katika miaka sita ya kumchapia kitabu.

Mimi nina steshenari Bilele, hapa mjini Bukoba. Kompyuta moja, mashine moja ya kutoa kopi, kiti kimoja cha mteja. Chumba nimepanga kwa Bhai, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Zamani mtaa wetu ulikuwa na maduka mengi ya ndugu zake, sasa limebaki lake. Ninachapa barua za kuomba kazi, ratiba za ibada, kadi za harusi na mitihani ya shule za msingi. Mwalimu alipoingia mara ya kwanza, alikuwa na kaunta buku kubwa lililojaa mwandiko wa penseli. Akasema anataka kurasa arobaini za mwanzo zichapwe. Nikachapa siku tatu. Alipokuja kuzichukua akauliza, "Umeelewa?"

Nilidhani anaulizia mwandiko. "Unasomeka vizuri, Mwalimu."

"Sikuuliza mwandiko. Nimeuliza habari iliyomo."

"Mimi nachapa tu, waitu," nikasema, kwa neno letu Wahaya la heshima.

"Macho yako yamepita juu ya kila neno. Umeelewa au hujaelewa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini uongo unanichosha. Nikikudanganya leo, kesho ni lazima nikumbuke nilikudanganya nini. "Sijaelewa hata kidogo," nikasema.

Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akachukua zilizochapwa pamoja na kaunta buku lake, akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi na sura ile ile ameiandika upya. Sikuelewa tena. Mara ya tatu nikaelewa, na nilimrudishia kwa maneno yangu pale pale, nimesimama, mashine ya kopi ikiwa inawaka. Ndipo akaweka sharti ambalo hatukulivunja mpaka mwisho: hakuna sura itakayoingia kitabuni kabla mimi sijasema nimeelewa, na kusema tu hakutoshi, ni lazima nieleze.

Kitabu kilikuwa cha sura kumi na mbili. Alikiandika kwa ajili ya wauguzi, maafisa ugani, walimu, na watoto wa vyuo wanaoogopa somo hilo. Alisema watu wanakariri kanuni, wanafaulu, kisha wanaingia kazini na kutia sahihi kwenye namba wasizozielewa. Sura ya kumi na mbili, aliniambia tangu mwanzo, ndiyo iliyomfanya aanze kuandika. Nyingine zote ni njia ya kuifikia.

Bhai alitusikiliza kutoka upande wake wa duka. "Mwalimu," alisema siku moja, "wewe mwaka wa tatu huu, kitabu kimoja. Babu yangu alijenga duka hili kwa miezi minne."

"Ndiyo maana linavuja," Mwalimu akamjibu.

Bhai alicheka mpaka akakaa juu ya majora yake. Kweli duka linavuja.

Alifundisha kwa vitu vilivyokuwa mbele yake. Hakuwahi kuniambia nifikirie mfuko wenye mipira myekundu na ya bluu, kama vitabu vya shule vinavyosema. Alisema hajawahi kumwona Mhaya mwenye mfuko wa namna hiyo. Mbele ya steshenari kulikuwa na akina mama wawili wanaouza chai na maandazi, mmoja kushoto na mwingine kulia. Akaanza hapo.

"Mama wa kushoto anatia sukari vijiko viwili kila siku. Mama wa kulia leo anatia vinne, kesho hatii kabisa. Wastani wao ni ngapi?"

"Viwili."

"Wote?"

"Wote."

"Basi kunywa popote, si ni sawa?"

"Si sawa, Mwalimu. Kwa mama wa kulia sijui leo nitakuta nini."

Akapiga meza kwa kiganja. "Hiyo 'sijui nitakuta nini' ina kipimo chake. Unachukua kila siku, unatazama imeuacha wastani kwa umbali gani. Hiyo ndiyo sura ya pili."

Sura ya pili niliielewa mara ya kwanza. Tatizo lilikuwa kwamba mama wa kulia naye aliisikia. Alikuja na birika mkononi akasimama mlangoni. "Mwalimu, nimeambiwa umeniweka kwenye kitabu."

"Sikutaja jina, mama."

"Jina la nini? Kulia tuko wangapi?"

Ikabidi Mwalimu anywe chai kwake mwezi mzima, kama adhabu. Siku nyingine alikunja uso kwa utamu, siku nyingine kwa ukali, na kila siku aliandika vijiko kwenye karatasi ndogo. Mwezi ulipokwisha alimwonyesha mama karatasi ile. Mama akaitazama, akasema, "Kumbe Jumatatu huwa sitii." Tangu siku hiyo Jumatatu chai yake ina sukari.

Watu wa mikoa mingine wanatutania Wahaya kwamba hatumalizi sentensi mbili bila kukujulisha tumesoma. Wanatuita nshomile, neno letu wenyewe la Kihaya, maana yake "nimesoma". Mwalimu alisema hilo ndilo lililoiharibu takwimu kuliko upungufu wa vitabu. Mtu akitaja mbele yake neno kubwa la Kiingereza, alimuuliza kwa upole, "Maana yake nini?" kisha akangoja. Kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko kugombezwa.

Tulikwenda Muleba mara moja kwenye semina ya maafisa ugani. Yeye alikuwa mkufunzi, mimi nilibeba kopi. Kijana mmoja alisimama akaongea dakika nyingi, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, mikono ikienda huku na huku. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akasema, "Nimekusikia vizuri. Sasa mweleze huyu," akaninyooshea kidole, mimi na rundo langu la karatasi.

Yule bwana akanitazama. Nami nikamtazama. Akaanza. Kwenye sentensi ya pili akakwama, akarudi nyuma, akakwama tena pale pale.

"Umeelewa?" Mwalimu akaniuliza.

"Sijaelewa," nikasema, "lakini ameongea vizuri sana."

Ukumbi ulicheka, na yule bwana, namsifu kwa hilo, alicheka kuliko wote. Chakula kilipoletwa, Mwalimu aliacha meza ya wakubwa akaenda kukaa naye. Nilimsikia akimwambia, "Mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka ishirini. Nilimaliza darasa zima bila mtu hata mmoja kuelewa, wakanipigia makofi."

Lakini ni lazima niseme na upande wa pili. Mtu huyu aliyechukia Kiingereza cha kujionyesha alibishana na redio kwa Kiingereza. Taarifa ya habari ikitaja asilimia bila kusema asilimia ya nini, aliinuka kwenye kiti changu cha mteja na kuifokea kwa Kiingereza kirefu kilichonyooka, mpaka wateja wakaogopa kuingia. Nikimkumbusha, alisema redio ndiyo iliyoanza.

Na mtu huyu aliyetufundisha kutoamini ushahidi wa kitu kimoja alitabiri mvua kwa goti la kushoto. Goti likinyamaza, hakubeba mwavuli. Alifika Bilele akichuruzika maji, karatasi zake zikiwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki kifuani.

"Sampuli ya goti moja, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Goti hili lina kumbukumbu ndefu."

"Leo limesahau."

"Leo limeshangazwa. Ni tofauti."

Hakupenda kuitwa Mzee. Hata kanisani, mchungaji akisema "mzee wetu", alijifanya hasikii. Mwalimu ndilo jina aliloliitikia. Vyeti vyake havikuwa ukutani. Mkewe, ambaye wote tunamwita Mama Mwalimu, aliniambia viko kwenye sanduku chini ya mbegu za maharage. Nilimuuliza Mwalimu kama ni kwa unyenyekevu. Alifikiri, akasema hapana, ni kwa sababu ya panya, maharage yana dawa.

Sura ya tisa ilihusu vitu viwili vinavyokwenda pamoja bila kimoja kusababisha kingine. Nilimsumbua sana kwenye sura hiyo. Alinipa mfano: tuseme mwaka fulani senene, wale panzi tunaowala, wameshuka wengi, na mwaka huo huo wanafunzi wengi wa shule ya kijijini wamefaulu.

"Kwa hiyo tuwalishe senene?" nikauliza.

"Hapana!"

"Mbona? Wana mafuta, wana nguvu. Mimi mtihani wa mwisho sikula senene, nikapata F."

Akavua miwani, akaishika mkononi, akanitazama. Alikuwa hajui kama natania au nasema kweli. Kusema kweli hata mimi sikuwa na hakika. Aliondoka nayo sura hiyo. Ilirudi baada ya mwezi ikiwa na mwanzo mpya, na mwanzo huo ni mazungumzo yetu, neno kwa neno, isipokuwa F yangu aliiacha nje.

Kuna kosa moja nililolifanya mimi, na limo kitabuni kama sura ya nne nzima. Alitaka kujua ukubwa wa mikungu ya ndizi katika kaya kadhaa za Muleba, zile za juu kwenye migomba mingi. Alinituma nikapime pamoja na binti mmoja wa pale aliyezijua njia. Kila kaya, tupime migomba kumi. Tulipima kaya zote kwa wiki moja, kwa bidii, na namba zilipendeza. Nikampelekea. Alisoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaweka penseli chini.

"Hii ni migomba ya wapi?"

"Ya Muleba, Mwalimu."

"Hii ni migomba ya peponi. Mmechagua."

"Hatukuchagua."

"Mmechagua! Umeniletea uongo wenye mistari!"

Hakuwahi kunifokea kabla ya siku hiyo. Nilizima kompyuta, nikamwambia kama anaona mimi ni mwongo atafute mtu mwingine wa kumchapia. Akaondoka bila kuaga. Bhai alikuja akasimama mlangoni, akaniachia soda.

Siku ya nne Mwalimu akarudi. Hakukaa. Mkononi alikuwa na pakiti ndogo ya akamwani, buni zetu za kutafuna ambazo mgeni hupewa akifika nyumbani kwa mtu.

"Nimekwenda Muleba," alisema. "Nimeingia kaya ya kwanza kwenye orodha yako. Unajua walinifanyia nini?"

"Walikukaribisha."

"Walinikaribisha. Wakanipa akamwani. Wakaniketisha. Nikasema nimekuja kutazama migomba, wakanionyesha iliyo karibu na nyumba, pale panapotupwa maganda na majivu na samadi. Nikataka kwenda mpaka mwisho wa kibanja, kule nyuma. Baba mwenye nyumba akasimama mbele yangu. Akasema, kule hakuna kitu, waitu, kule ni pori tu."

Ndivyo ilivyokuwa kila kaya. Kwetu mgeni haendi kukagua nyuma ya kibanja cha mtu, shamba lake la migomba linaloizunguka nyumba. Ni kama kufunua sufuria zake. Unapima unachoonyeshwa, unashukuru.

"Na mimi," akasema, "nikaona aibu, nikapima iliyo karibu na nyumba. Miaka yote hii ya kufundisha. Kosa ni langu. Nilikutuma ukahesabu migomba, sikukumbuka kwamba utakaribishwa."

Akaniwekea pakiti mezani. Tulirudia kazi yote. Safari hii tulikubaliana na kila mwenye nyumba kabla hatujaketi: tutahesabu hatua kutoka mlangoni, na hatua itakapoangukia ndipo tutakapopima, hata kama ni kwenye mgomba mwembamba kama mkono. Wengine walikataa, nao tukawaandika kuwa wamekataa. Wastani ulishuka sana. Mwalimu aliufurahia wastani ule mdogo kuliko nilivyowahi kumwona akifurahia kitu.

Sasa sura ya kumi na mbili.

Nitaieleza kama ninavyoielewa leo, maana bila hivyo habari iliyobaki haitakuwa na maana. Ukipima watu wachache ukataka kusema juu ya wote, huwezi kutaja namba moja ukasimama nayo. Unataja upana: ni kati ya hapa na hapa. Kisha wataalamu wanaongeza kwamba wanauamini upana huo kwa asilimia tisini na tano. Karibu kila mtu, alisema Mwalimu, hata waliosoma, anadhani maana yake ni kwamba ukweli unacheza cheza, na kuna nafasi tisini na tano katika mia kwamba umo humo ndani leo. Sivyo. Ukweli hauchezi, umetulia mahali pake. Kinachocheza ni upana tunaoutupa sisi.

Ili kunieleza hayo aliandika habari ya mvuvi anayerusha wavu. Samaki ni ukweli, wavu ni upana. Nikamwambia sijaelewa.

"Wapi?"

"Unasema ukweli hausogei. Samaki anasogea."

"Huyu hasogei."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa Ngenge, sisi ni watu wa mashamba na mbuzi, lakini samaki namjua. Anasogea."

Akaandika upya, samaki akawa amechoka. Nikamkatalia. Akaandika upya, maji yakawa baridi. Nikamkatalia. Bhai akapendekeza samaki awe wa kukaanga, na siku hiyo Mwalimu hakucheka. Ilikuwa sura ya mwisho, sura kumi na moja zilikuwa tayari kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili, na yeye alikuwa ameanza kukonda. Suruali aliifunga kwa mkanda ulioongezwa matundu. Halafu akaacha kuja mjini.

Mwisho wa mwezi wa nne Mama Mwalimu alinipigia simu. Alisema Mwalimu ameandika tena, ananiita, na ingefaa nisichelewe. Kesho yake nikafunga steshenari nikaenda Kaagya.

Mama Mwalimu alinipokea nje, kabla sijafika mlangoni. Alinishika mkono wa juu, karibu na bega.

"Binti yangu, nisikilize. Hii ni mara ya nane. Hali chakula, anaandika. Mwambie umeelewa."

"Mama..."

"Ni neno moja tu. Mwambie umeelewa, apumzike. Nakuomba."

Nilimwambia nitasoma kwanza. Nataka niseme kweli hapa: nilipokuwa naingia ndani nilikuwa nimekwisha kuamua kusema uongo.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha varanda ya nyuma, blanketi miguuni, kaunta buku mapajani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Akanisalimia kwa Kihaya, akaniuliza habari za Bhai na za paa lake, kisha akanipa kaunta buku. Mwandiko ulikuwa umepanuka na kuyumba. Nikasoma. Mama Mwalimu alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama.

Safari hii samaki alikuwa amelala. Mwalimu ameandika: "Chukua samaki aliyelala chini ya maji, asiyesogea kamwe."

Nikafika mwisho. Nikafunga. Nikafungua mdomo kusema neno lile moja, nikaona macho yake. Alikuwa ananitazama kama siku ile ya kwanza Bilele, akingoja, hana haraka.

"Sijaelewa," nikasema.

Mama Mwalimu akageuka akaingia jikoni. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Wapi?" Mwalimu akauliza.

"Aliyelala ataamka."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikainuka kumshika, akanizuia kwa mkono huku akiendelea kucheka na kufuta machozi. "Ataamka," alisema. "Kweli ataamka. Basi nipe wewe. Nipe kitu kisichosogea."

Nikatazama uani. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye kigingi. Mbuzi alikuwa akizunguka na kamba yake, kigingi kimesimama pale pale. Kando yake, juu ya ndoo, Mama Mwalimu alikuwa ameacha ngata yake, duara la majani makavu ya mgomba lenye tundu katikati, ile anayoweka kichwani akibeba maji.

"Kigingi," nikasema. "Kigingi hakisogei. Na unarusha ngata."

Mwalimu akasogea mbele kwenye kiti.

"Wewe umefungwa macho," nikaendelea, nikijikwaa kwenye maneno. "Kigingi kipo, lakini hukioni. Unarusha ngata. Ama imekizunguka, ama haikukizunguka, hapo hakuna nusu. Ila mkono wako tunaujua. Ukirusha mara mia, mara tisini na tano inazunguka. Kwa hiyo tunachokiamini ni mkono. Hii ngata moja iliyoanguka sasa hivi hatuijui."

"Na ngata ikiwa kubwa?" akauliza haraka.

"Itazunguka mara nyingi zaidi."

"Basi tutengeneze kubwa kama uwanja."

"Hapo hutakosa. Lakini ukiniambia kigingi kiko ndani ya uwanja utakuwa hujaniambia kitu."

Akaita, "Mama! Njoo! Lete ngata!"

Mama Mwalimu akatoka na mwiko mkononi. "Ngata ya nini? Unakwenda kisimani?"

"Mfungue mbuzi."

"Mmepata wazimu wote wawili," alisema, lakini akamfungua. Nikamfunga Mama Mwalimu macho kwa ncha ya khanga yake mwenyewe, akarusha ngata kutoka kwenye ngazi. Mkono wake ni mzuri ajabu. Mara ya kwanza ilizunguka, ya pili ikazunguka, ya tatu ikaangukia pembeni, ya nne ikazunguka. Alipojifungua macho alikuwa anacheka, na mwiko bado ameushika.

"Umeelewa?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimeelewa kwamba mbuzi wangu hana kamba."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Nimeelewa."

"Usinionee huruma."

"Mwalimu, katika miaka sita nimekuonea huruma lini?"

Mama Mwalimu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akashusha pumzi. Mwalimu alisema penseli inamchosha, kwa hiyo niandike mimi. Nikakaa chini kwenye sakafu ya varanda nikaandika sura ya kumi na mbili kwenye kaunta buku lake kwa mwandiko wangu. Mara nyingine alisema yeye, mara nyingine nilisema mimi. Ilichukua muda wa chungu cha ndizi kuiva. Alinitaka nimsomee yote kwa sauti. Nilipomaliza aliitikia kwa kichwa mara moja, akasema iingie.

Nilikuwa nimeinuka kuaga aliponizuia. Alitaka arushe yeye mara moja. Tukamwambia amechoka, hakutusikia. Mama Mwalimu akamfunga macho kwa khanga, nikamwekea ngata kwenye mkono wa kulia. Aliipima uzito, akaizungusha vidoleni, akarusha bila kuinuka kwenye kiti.

Ilianguka. Alisikia imeanguka.

"Msiniambie," alisema.

Nilitazama ilipoangukia. Mama Mwalimu naye alitazama. Mwalimu alikuwa ameegemea kiti, khanga machoni, anatabasamu. Hatukumwambia. Mama Mwalimu akashuka ngazi, akaiokota ngata, akaenda kumtoa mbuzi kwenye maharage.